Seti ya pedi za kufua kwa binti anayekaribia kuvunja ungo: nzuri, ila ipime kwa mwili wake

Binti wa darasa la tano anaweza kuwa bado anagombea zamu ya kuruka kamba na kucheza rede mpaka magharibi, huku mwili wake umeshaanza mambo ya utu uzima bila kumwarifu mtu. Mzazi huona sketi ya shule imepanda juu ya goti, viatu vimebana, akasema mtoto anakua. Ni kweli anakua, na kasi hii ya kurefuka hataipata tena: msichana huongezeka kimo zaidi kabla ya kuvunja ungo, na akishavunja hubakiwa na sentimita 5 hadi 7 hivi za kuongeza. Kwa hiyo sketi iliyopanda ni taarifa. Taarifa nyingine ni matiti yanayochomoza, ambayo kwa kawaida hutangulia hedhi ya kwanza kwa miaka 2 hadi 3, na ute mweupe kwenye chupi, unaoanza kuonekana miezi 6 hadi 12 kabla. Ukiuona ute huo, au mtoto akikuuliza ni kitu gani, nunua pedi wiki hiyo hiyo. Wengi huvunja ungo wakiwa na miaka 12 au 13, lakini wa miaka 10 wapo na wa 14 wapo, na wote ni wazima.

Ninachotathmini hapa ni seti ya pedi za kufua: pedi za kitambaa zenye mbawa mbili na vifungo vya kubonyeza, zinazouzwa kwenye maduka ya dawa, kwenye maduka ya vitu vya watoto na kwa vikundi vya kina mama wanaozishona wenyewe. AFRIpads ya Uganda ni jina linalojulikana sana katika kanda yetu, na mafundi wengi wa Tanzania na Kenya hushona kwa muundo unaofanana na huo. Kwa sababu muundo ni mmoja, naupima muundo wenyewe na si nembo.

Kwa mzazi mwenye haraka, jibu langu ni hili. Kama nyumbani kuna maji ya uhakika na mahali pa kuanika juani, seti hii ndiyo ninayoipendekeza kwa miaka 2 ya mwanzo kuliko kitu kingine chochote. Kama kimojawapo hakipo, usimtwishe mtoto mzigo huo, mnunulie pedi za kutupa. Na hata pale inapofaa, seti nyingi zimekatwa kwa kipimo cha mwanamke mzima. Hapo ndipo mambo mengi yanapoharibikia, na hilo ndilo nitakaloanza nalo.

Upana ndio unaovujisha

Watu wakinunua pedi huuliza urefu. Kwa mtoto, uliza upana kwanza. Pedi ya mchana ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 25 hivi, na mbawa zikishafungwa huwa na upana wa sentimita 7 au 8. Sasa chukua chupi ya msichana wa miaka 11 uipime ule ukanda wa katikati: utakuta sentimita 5, labda 6. Mbawa zikifungwa chini ya ukanda huo, inabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili ambayo haijashikwa na kitu. Mtoto akitembea kidogo tu pedi inasogea nyuma, akikimbia inageuka upande, na kile kifungo kilichopaswa kukaa chini kinapanda na kumkwaruza paja. Damu inapita pembeni, halafu mtoto anaambiwa hajui kuvaa.

Tafuta pedi zenye safu mbili za vifungo kwenye bawa, moja ya kubana zaidi. Zikikosekana, fundi cherehani mwenye kifaa cha kupigia vifungo hivyo anaweza kuongeza safu ya pili, sentimita moja na nusu ndani ya ile ya kwanza. Ni kazi ya dakika chache, ila mwambie vifungo vyote viingie kwenye bawa tu, asiguse mwili wa pedi. Sababu nitaieleza chini.

Kabla ya kununua seti nzima, nunua moja uijaribu. Mwambie binti aivae juu ya chupi safi siku ambayo hana hedhi, aruke kamba mara 20, achuchumae kama anavyochuchumaa chooni, akae sakafuni akunje miguu, kisha aitazame. Ikisogea zaidi ya upana wa kidole, haimfai. Jaribio hili lina faida ya pili: siku damu itakapokuja, mkono wake utakuwa umeshazoea vifungo.

Chupi nayo ni sehemu ya seti, hata kama haimo kwenye pakiti. Iwe ya pamba, lastiki za mapajani zishike sawasawa, rangi iwe ya kiza. Chupi iliyolegea haishiki pedi yoyote, iwe ya kufua au ya kutupa, na watoto wengi huvaa chupi zilizolegea kwa sababu mzazi alinunua kubwa akitaka zidumu. Kwa kazi hii nunua zinazomkaa leo, 4 au 5, na ukubali kwamba mwaka kesho utanunua tena.

Igeuze utazame mgongo wake

Pedi nzuri ya kufua ina tabaka tatu. La juu, linalogusa mwili, huwa la flisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi, kama cha sweta za baridi) au la pamba. Flisi hupitisha damu ishuke chini na yenyewe kubaki karibu kavu, na kwa mtoto anayekaa darasani saa nyingi hiyo ni raha kubwa, ila kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga huleta jasho. Pamba ni baridi na haiwashi, lakini hunyonya na kubaki na unyevu, kwa hiyo inataka kubadilishwa mapema. Kwa watu wa pwani nachagua pamba. Kwa watu wa Mbeya, Arusha au Nyeri, flisi.

Tabaka la kati ndilo linalobeba kazi: vipande 2 hadi 4 vya kitambaa cha taulo au pamba nzito. Libonyeze kwa vidole kuanzia katikati kwenda pembeni. Kwenye pedi za bei ya chini utahisi limekatwa fupi na jembamba, linaishia sentimita 2 au 3 kabla ya ukingo. Sehemu hiyo tupu hainyonyi chochote.

Tabaka la chini ni kitambaa kilichobandikwa utando laini wa plastiki, aina ile ile inayotumika kwenye vifuniko vya nepi za kufua. Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Mstari wa uzi ukipita katikati ya mgongo wa pedi, kila tundu la sindano ni mlango. Mafundi wengi huupiga mstari huo ili tabaka la kati lisijikunje, na lengo lao ni jema, lakini pedi ya namna hiyo itavuja katikati hata kama kitambaa ni cha gharama. Tabaka la kati linatakiwa lishonewe kwenye kitambaa cha juu peke yake, kisha mgongo uunganishwe kwenye ukingo tu. Ndiyo maana fundi hapaswi kupiga kifungo wala mshono wa ziada kwenye mwili wa pedi. Angalia pia ukingo: uzi mnene wa pamba wa ovaloki hufyonza damu na kuitoa nje kwenye nguo. Uzi wa polista hufyonza kidogo kuliko huo.

Pedi mpya usiivae bila kuifua. Ifue mara 2 au 3 na kuianika, kwa sababu vitambaa vipya hutoka kiwandani na dawa ya kulainisha au mafuta ya asili ya pamba, na maji huteleza juu yake. Malalamiko mengi ya kwamba pedi hainyonyi yanatokana na hili tu.

Ukishaifua, ipime. Chukua sirinji ya mililita 5, ile ya kumpimia mtoto dawa. Laza pedi mezani juu ya karatasi nyeupe ya chooni, mimina mililita 5 za maji katikati polepole, hesabu mpaka 30, mimina 5 nyingine, kisha 5 za mwisho. Weka kiganja juu uegemee kwa uzito wako dakika nzima, halafu inua utazame karatasi. Maji ni mepesi kuliko damu, hivyo kipimo hiki ni kikali kidogo kuliko hali halisi. Ukiona doa katikati ya karatasi, mshono au utando una kasoro. Likiwa ukingoni, tabaka la kati ni fupi au uzi unafyonza.

Fanya kipimo hiki pamoja na binti, na umwambie kiasi. Hedhi nzima, siku zote zikijumlishwa, kwa wengi ni mililita 30 hadi 40 za damu, yaani vijiko vya chai 6 hadi 8. Ikipita 80 huhesabiwa kuwa nyingi. Kisha mwagia kijiko kimoja cha juisi ya rozela kwenye kitambaa cheupe aone kinavyotapakaa. Mtoto aliyeona kijiko kimoja kimechafua kitambaa kizima hatadhani anakufa siku atakapoiona chupi yake imelowa.

Ngapi zinatosha

Seti nyingi zina pedi 3, 4 au 5. Hazitoshi, na ndiyo lawama yangu kubwa kwa wanaozipanga. Hesabu ni hii. Siku 2 za mwanzo zenye damu nyingi binti atatumia 3 mchana na 1 usiku. Siku zinazofuata 2 au 3 kwa siku nzima. Zilizofuliwa leo jioni hazikauki mpaka kesho mchana, kwa hiyo lazima awe na za siku mbili mkononi: 8 ndiyo idadi ya chini. Katika masika, Machi mpaka Mei, pedi ya flisi na taulo inaweza kuchukua siku 2 kukauka, na hapo 10 au 12 ndizo zitakazompa amani. Kati ya hizo, 3 ziwe za usiku, za urefu wa sentimita 28 hadi 30, na 2 ziwe nyembamba za siku za mwisho.

Anayepewa 4 huvaa moja mchana kutwa. Kwa usafi, pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na usiku inaweza kwenda mpaka asubuhi. Akizidisha hapo mchana, ngozi hulainika kwa unyevu, huanza kuwasha, na harufu hutokea. Halafu pedi za kufua zinapewa jina baya, wakati tatizo ni kwamba hazikutosha.

Kufua, na hasa kuanika

Maji ya moto kwanza ni kosa linalorudiwa kuliko yote. Damu ina protini, na protini ikikutana na joto hushikamana na nyuzi, doa likaganda. Loweka kwenye maji baridi, nusu saa inatosha, usiku mzima hapana kwa sababu maji yale huanza kunuka na pedi ikanuka nayo. Mwaga, weka mengine, kamua kwa kubonyeza mpaka maji yawe karibu meupe. Ndipo ipake sabuni ya mche, isugue uso kwa uso, isuuze mpaka povu liishe kabisa. Povu likibaki ndani, siku ya kuivaa litakutana na jasho na kumwasha mtoto sehemu ambayo ataona aibu kukuambia.

Usiikamue kwa kusokota kama unavyokamua suruali ya jinzi, utando wa plastiki utapasuka ndani na hutaona mpaka ivuje. Usitumie dawa za klorini za kung'arisha nguo, zinakula utando na lastiki. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, inafunika nyuzi na kuzizuia kunyonya. Pasi isiguse mgongo. Beseni 3 za maji ya lita 3 au 4 zinatosha pedi 3, na beseni hilo liwe la kazi hiyo peke yake.

Kuanika ndiko kunakohitaji mzazi. Katika nyumba za kupanga zenye ua mmoja na kamba moja, msichana wa miaka 12 hatatundika pedi zake mbele ya wapangaji wanaume na watoto wa jirani. Ataziweka chini ya godoro, nyuma ya kabati, au ndani ya taulo lililokunjwa. Pedi iliyokauka gizani kwa unyevu huota ukungu, na ukungu kwenye sehemu hizo huweza kuleta muwasho wa kila mwezi. Jua halina mbadala wa bei ya chini: linakausha upesi na kupunguza vijidudu.

Wengi hufunika pedi kwa khanga kambani. Kufunika kwa khanga nzito ni sawa na kuanika kivulini. Ukilazimika kufunika, tumia kitambaa chepesi cha mtandio, kisiguse pedi, upepo upite. Njia iliyo bora ni kutumia kile kitundikio cha duara chenye vibanio, kinachotumika kwa soksi na nguo za watoto wachanga. Pedi za rangi ya kiza au za maua zikibanwa humo pamoja na soksi na leso, hakuna anayesimama kuzitazama. Ndiyo maana rangi ya mgongo wa pedi si urembo: nyeupe na waridi hafifu ni rangi mbaya kwa bidhaa hii. Kwenye jua la mchana la kiangazi, saa 5 au 6 zinatosha. Igeuze mara moja. Kabla ya kuihifadhi, bana katikati kwa vidole usikie kama ina ubaridi. Ikiwa na ubaridi, bado.

Na kama una kauli juu ya nyumba hiyo, kama mama au baba, sema wazi kwamba kamba ni ya kila nguo. Mtoto hataweza kulisema hilo mwenyewe.

Shuleni

Mfuko mdogo unaokuja na seti unastahili sifa kama una mifuko miwili, mmoja wa safi na mmoja wa zilizotumika wenye utando usiopitisha maji na zipu. Kama ni mfuko mmoja wa kitambaa tu, mshonee wa pili. Pedi iliyotumika hukunjwa mara tatu kuelekea ndani, mbawa zikaizunguka na kufungwa, ikawa kifurushi cha ukubwa wa pochi ya sarafu. Mfundishe hilo kwa mikono, kwa sababu karatasi za maelekezo nyingi hazionyeshi, na nyingine zimeandikwa Kiingereza kitupu ambacho mtoto wa darasa la tano hawezi kukifuata.

Uliza mambo mawili kuhusu choo cha shule: kama mlango una komeo, na kama kuna maji ndani au karibu. Bila komeo, kubadilisha pedi ya vifungo kunamtaka muda ambao hana. Siku hizo mpe ya kutupa ya kubadilishia mchana na abaki na ya kufua nyumbani. Kuchanganya hakuna ubaya wowote. Kwa mwanafunzi wa bweni, seti ya kufua naipendekeza pale tu bweni lina mahali pa kuanika palipotengwa kwa wasichana. Kama hapapo, ni pedi za kutupa, na sanduku lake liwe na za miezi 3.

Nyingine zilizopo sokoni

Pedi za kutupa zina sifa yake: nyembamba, zina chembe zinazogeuza majimaji kuwa jeli, hazihitaji maji. Kasoro yake kwa mtoto ni gundi. Za bei ya chini hubanduka kwa jasho, na binti anayecheza hujikuta pedi imejikunja mgongoni. Angalia alama ya ubora ya TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya) kwenye pakiti, na usinunue zilizofunguliwa na kuuzwa moja moja bila karatasi yake. Zisitupwe kwenye choo cha kuvuta maji, zitaziba, wala kwenye choo cha shimo, hujaza shimo na gari la kunyonya haliwezi kuzivuta.

Vipande vya khanga kuukuu, vilivyowalea bibi zetu, vinafuliwa upesi, vinakauka upesi, na vinaweza kuchemshwa na kupigwa pasi. Udhaifu wake ni kwamba havina mbawa. Kwa usiku, kitandani, bado ni msaada mzuri kabisa juu ya pedi.

Chupi za hedhi, zile zenye tabaka za kunyonya zilizoshonewa ndani, ni starehe kwa kulala. Hazitelezi kabisa, na kwa mtoto anayeogopa kuchafua shuka ningeziweka mbele ya pedi ya usiku kama bei si tatizo. Lakini huchelewa kukauka, na mtoto akikua kiuno chupi nzima inatupwa. Kikombe cha silikoni kinadumu miaka mingi na kinavaliwa kwa muda usiozidi saa 12, ila kinamtaka aujue mwili wake vizuri na kukichemsha kila mzunguko. Si kitu cha mwaka wa kwanza.

Gharama

Tuseme pakiti ya pedi 10 za kutupa ni shilingi 2,500 za Tanzania. Binti anayetumia 4 kwa siku kwa siku 5 anamaliza pakiti 2 kila mwezi, yaani shilingi 60,000 kwa mwaka. Ukipata pedi 8 za kufua zilizoshonwa vizuri kwa 30,000, zimejilipa katika miezi 6, na zikitunzwa zinavuka mwaka. Anayenunua maji kwa ndoo aongeze hiyo gharama kwenye hesabu, maana si ndogo.

Bei hizi zina siasa yake. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa pedi bure wasichana waliobalehe katika shule za umma. Tanzania iliiondoa kodi hiyo mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Mzazi wa Kenya aulize shuleni kwanza kabla ya kununua.

Nani amkabidhi

Pwani, kazi ya kumfunda mwari ilikuwa ya somo au kungwi, na mama mzazi alikaa pembeni. Utaratibu huo ulijua jambo moja la kweli, kwamba mtoto huuliza kwa uhuru zaidi mtu asiyemwogopa. Ila somo huitwa damu ikishaonekana, na seti hii inatakiwa ifike kabla. Mpe shangazi, mama mdogo au dada mkubwa aifungue naye, aonyeshe kuvaa, kukunja, kufua. Baba anayelea peke yake anaweza kuinunua yeye mwenyewe na kusema maneno machache tu: "Mwanangu, hizi ni zako, zikiisha au zikikusumbua niambie kama unavyoniambia madaftari yameisha." Pedi zikiwa kwenye orodha moja na madaftari, hazitaombwa kwa machozi.

Ndani ya mfuko weka kalenda ndogo na penseli. Miaka 2 ya mwanzo mzunguko hauna mpangilio: siku 21 hadi 45 ni kawaida kwa umri huu, na damu hukaa siku 2 hadi 7. Maumivu ya tumbo hutulizwa na chupa ya maji ya moto au paracetamol kwa kipimo cha umri wake. Mpeleke hospitali kama pedi inalowa kabisa kila baada ya saa moja au mbili, kama damu inapita siku 8, kama maumivu yanamzuia kwenda shule kila mwezi, kama hedhi imeanza kabla ya miaka 9, au kama amefika 15 bila kuiona. Akionekana mchovu na kope zake za ndani ni nyeupe, pima damu, na sahani yake isikose maharage, dagaa na matembele.

Muda wake wa kustaafu

Pedi inaisha mgongoni kabla ya kuisha usoni. Ielekeze kwenye mwanga wa dirisha: ukiona nukta za mwanga au utando umeanza kujitenga na kitambaa kama ngozi ya malengelenge, itolewe. Vifungo vikifunguka vyenyewe akikaa, itolewe. Harufu isiyokwisha hata baada ya siku nzima juani ni ukungu ulioingia tabaka la kati, na hakuna sabuni itakayouondoa.

Seti ya kwanza ikifika hapo, binti huwa na miaka 13 au 14, nyonga zimepanuka, na hedhi yake imeanza kuwa na tarehe. Usirudie kipimo kile kile. Pima upya ukanda wa chupi anazovaa sasa, ambao huenda umefika sentimita 7, na pedi za watu wazima ulizozikataa mwanzoni sasa zitamkaa. Za usiku ziwe 4, za sentimita 30, na za mchana 6. Mwende naye dukani, azigeuze yeye mwenyewe atazame mishono.